Maputo na Stenti zenye Dawa kwa Mishipa ya Miguu na Mikono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mishipa ya damu hapa Nairobi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki. Mengi huulizwa kwenye benchi la nje, mgonjwa akiwa ameshatoka kwa daktari na faili mkononi, maana kule ndani aliitikia tu kwa kichwa. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale ya nadra, na pale jibu moja linapotegemea jingine nimekuonyesha pa kwenda. Kusoma hapa si kupimwa. Mguu wako unahitaji kushikwa na mtu anayejua kuushika.

## Ugonjwa wenyewe

Mshipa wa damu husinyaa kwa sababu gani?

Ateri ndiyo mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Kwa miaka mingi mafuta, chokaa na seli za uvimbe hujijenga ndani ya ukuta wake, na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba kama bomba la maji ya kisima linaloota ukoko. Kwa miguu, sigara na sukari ndizo adui wakubwa. Presha, kolesteroli, ugonjwa wa figo na umri hufuata nyuma.

Sigara hupenda mishipa mikubwa ya nyonga na paja. Sukari hupenda ile myembamba ya chini ya goti, na ndiyo maana mwenye sukari anaweza kuwa na paja lenye damu nzuri kabisa huku kidole cha mguu kinakufa.

Mikono haipatwi sana na ugonjwa huu. Ina shida zake, hasa kwa wanaosafishwa damu. Tazama sehemu ya "Mkono".

Nitajuaje kwamba ni mshipa, si mgongo wala uzee?

Maumivu ya mshipa yana ratiba. Unaanza kutembea ukiwa mzima, ukifika mahali fulani shavu la mguu linakaza kama limefungwa kamba, ukisimama dakika chache linaachia. Ukianza tena, linakaza baada ya umbali uleule. Mzee mmoja alinieleza ugonjwa wake kwa majengo: akitoka Odeon kuelekea Afya Centre alikuwa lazima asimame mara mbili, na kila mara alijifanya anatazama simu za dukani ili watu wasijue. Baadaye zikawa mara nne. Daktari hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Mwenye shida ya mgongo kwa kawaida hapati nafuu kwa kusimama tu. Lazima akae au ainame.

Hatua mbaya zaidi huja usiku. Ukilala, damu haisaidiwi tena na mteremko, na vidole vinaanza kuwaka. Mtu anaushusha mguu ukining'inia kando ya kitanda, au anahamia kwenye kiti na kulala ameketi. Ukiona mzazi wako ameanza kulala kwenye kiti, muulize kwa nini. Kidonda cha mguu kisichoonyesha kupona baada ya wiki 2, au kidole kilichogeuka rangi, si jambo la kungoja kliniki ya mwezi ujao.

Na tafadhali, ikifika baridi ya Julai, usiupashe mguu moto kwenye jiko wala kuutumbukiza kwenye maji moto. Mguu usio na damu huwa baridi mwaka mzima, na wenye sukari mara nyingi una ganzi. Kila msimu wa baridi tunapokea miguu iliyobabuka, na mwenyewe hakusikia kitu.

Hupimwaje?

Kwa kuanzia, kwa mkono: tunatafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha tunapima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu tukitumia mashine ndogo ya Dopla, ile yenye kalamu na spika. Unapakwa jeli, unasikia mshipa wako mwenyewe. Mshipa mzima hupiga kama ngoma yenye midundo miwili au mitatu. Uliosinyaa hutoa sauti moja ndefu ya kuvuma, kama upepo chini ya mlango.

Halafu tunagawanya. Kifundo kikiwa na 72 na mkono 144, jibu ni 0.5, yaani mguu unapata nusu ya msukumo. Chini ya 0.9 kuna ugonjwa. Chini ya 0.4 hali ni mbaya. Ila kwa mwenye sukari ya muda mrefu au figo, mishipa huwa migumu kwa chokaa, haibanwi na kipimo, na namba inaweza kutoka juu ya 1.4. Hiyo si afya. Hapo tunapima presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho hakidanganyi kirahisi.

Altrasaundi ya Dopla huonyesha ni wapi pamesinyaa. Angiogramu, yaani picha ya mishipa, ya skani au ya moja kwa moja kwa waya na dawa ya rangi, hufanywa pale inapofikiriwa kuuzibua mshipa.

Hospitali imesema mguu ukatwe. Nifanye nini?

Uliza swali moja kabla ya kutia sahihi: mishipa imeangaliwa? Kama hakuna aliyepima presha ya kifundo au kidole, wala kufanya Dopla, omba ifanyike, au omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Una haki ya kuomba.

Ninalisema hili kwa uchungu. Nimewahi kumvalisha bandeji mama aliyekatwa juu ya goti, na katika faili lake lote, kurasa na kurasa za sukari na antibayotiki, hapakuwa na kipimo hata kimoja cha mshipa. Labda mguu ule haungepona. Lakini hakuna aliyejua, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuna wakati kukata ni sahihi na kunaokoa maisha: usaha unapopanda kwa kasi, au nyama ya wayo ikishakufa kiasi kwamba hakuna pa kukanyagia. Hata hapo kuzibua mshipa kwanza kunaweza kufanya kidonda kipone kikikatwa kidole tu badala ya paja.

Kila mwenye mshipa uliosinyaa lazima azibuliwe?

Hapana. Anayeumwa akitembea tu, asiye na kidonda wala maumivu ya usiku, huanza na matembezi na dawa. Tembea hadi maumivu yawe ya kati, pumzika, endelea tena. Jumla ya dakika 30 hadi 45, siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa wiki 12. Watu hudhani wanauharibu mguu. Wanauzoesha kutumia damu kidogo vizuri zaidi, na wengi huongeza umbali wao sana.

Dawa ni statini (ya kolesteroli), aspirini au klopidogreli (za kuzuia damu kuganda), na za presha na sukari. Sigara iachwe, hilo nimeliwekea swali lake kule chini. Mwenye kidonda au maumivu ya usiku hangoji wiki 12. Huyo azibuliwe mapema kadiri inavyowezekana.

Mitishamba je?

Sijaona mtishamba unaoondoa chokaa kwenye ateri. Kama unakunywa kitu, tuambie bila kuogopa kukemewa, kwa sababu vingine huongeza kutokwa damu vikichanganyika na dawa zetu.

## Vifaa vyenye dawa

Puto lenye dawa ni nini, na stenti yenye dawa ni nini?

Puto ni kifuko kirefu chembamba kilichokunjwa kwenye ncha ya katheta, yaani mrija mwembamba. Huingizwa kwenye mshipa juu ya waya, likafika palipobana, likajazwa maji hadi njia ipanuke, kisha likatolewa. Puto lenye dawa limepakwa poda nyembamba ya dawa, ambayo hubaki kwenye ukuta wa mshipa puto likishatoka.

Stenti ni kimrija cha wavu wa chuma, na hiyo hubaki ndani maisha yote. Za miguu hutengenezwa kwa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, kwa sababu ukiikunja hujirudisha ilivyokuwa. Stenti yenye dawa huachia dawa polepole kutoka kwenye nyuzi zake kwa wiki au miezi.

Kwa nini iwekwe dawa? Puto tupu halitoshi?

Kupanua ni kujeruhi. Puto likivimba, ukuta wa mshipa hupasuka kidogo kwa ndani, na mwili hujibu kama unavyojibu kidonda chochote: seli za misuli ya mshipa huzaana na kujenga kovu. Kovu likizidi, njia inaziba upya ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi pale pale.

Tatizo hili ni la zamani kama tiba yenyewe. Charles Dotter alipanua mshipa wa paja kwa mara ya kwanza tarehe 16 Januari 1964 huko Portland, Marekani, kwa mama wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Alitumia mirija migumu, mmoja juu ya mwingine. Mwaka 1974 Andreas Grüntzig akaleta puto huko Zurich. Kwa miongo iliyofuata madaktari walijua kufungua. Kilichowashinda ni kuzuia pasizibe tena. Dawa iliwekwa kwa ajili hiyo tu. Haiyeyushi mafuta, haiondoi chokaa, wala haipanui kitu. Inazituliza seli zisijenge kovu kupita kiasi.

Marekani iliidhinisha stenti ya kwanza yenye dawa kwa mshipa wa paja, Zilver PTX, mwaka 2012, na puto la kwanza, Lutonix, mwaka 2014.

Ni dawa gani? Nimeambiwa ni ya saratani.

Ni kweli, na usishtuke. Paklitakseli ilitokana na gome la mti unaoitwa Pacific yew wa magharibi mwa Marekani, na hutumika kutibu saratani ya matiti na ya ovari kwa sababu inazuia seli kugawanyika. Kwenye puto kipimo chake ni kidogo sana, kiasi cha maikrogramu 2 hadi 3.5 kwa kila milimita ya mraba. Nywele hazitoki.

Ya pili ni sirolimasi pamoja na ndugu zake, kama everolimasi. Hiyo ilipatikana kwa bakteria waliotoka kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, na waliopandikizwa figo wanaifahamu kama kidonge. Kwa miguu, sehemu kubwa ya ushahidi wa miaka mingi bado ni wa paklitakseli.

Kwa nini daktari amenichagulia puto badala ya stenti?

Pengine kwa sababu ya mahali. Mshipa wa paja unaopita nyuma ya goti hukunjwa na kuzungushwa kila unapochuchumaa, unapopanda matatu, unapopiga magoti kuomba. Chuma kikikaa hapo kinaweza kuchoka na kuvunjika. Puto haliachi kitu, na siku ukihitaji upasuaji wa kuunganisha mshipa wa kupitisha damu pembeni, njia iko wazi.

Stenti huchaguliwa pale puto lilipopanua lakini mshipa ukarudi kusinyaa papo hapo, au ukuta ukachanika na kipande kikawa kinapepea ndani. Chokaa ikiwa nzito, dawa haipenyi vizuri, na kuna vifaa vya kuikwangua au kuipasua kwanza. Huo ni uamuzi wa daktari akiwa anautazama mshipa kwenye kioo, na wakati mwingine atabadilisha mpango ukiwa umelala pale. Muombe akueleze kabla: mpango wa kwanza ni upi, na wa pili ni upi?

Shida yangu iko chini ya goti. Vinanifaa?

Hapa kuwa mwangalifu na ahadi. Maputo ya paklitakseli chini ya goti hayajaonyesha faida ya kueleweka, na puto moja liliondolewa sokoni baada ya utafiti wa IN.PACT DEEP kuleta wasiwasi wa kukatwa miguu zaidi. Kwa wengi wenye kidonda, puto la kawaida lililopitishwa kwa ustadi hadi kwenye wayo ndiyo tiba.

Kuna kitu kipya. Esprit BTK ni stenti isiyo ya chuma, yenye everolimasi, inayoyeyuka yenyewe ndani ya miaka 3 hivi. Katika utafiti wa LIFE-BTK wa watu 261, uliotolewa mwaka 2023, baada ya mwaka mmoja asilimia 74 ya waliowekewa walikuwa bado na mguu na mshipa ulio wazi, dhidi ya asilimia 44 ya waliopanuliwa kwa puto la kawaida. Marekani iliidhinisha Aprili 2024. Ukiulizia hapa, uliza pia kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

## Usalama na ukweli wa matokeo

Nilisoma kwamba paklitakseli inaua. Ni kweli?

Swali hili liliwahi kutikisa kazi hii dunia nzima, kwa hiyo linastahili jibu kamili.

Desemba 2018 uchambuzi uliojumlisha majaribio kadhaa ulionyesha vifo vingi zaidi, kuanzia mwaka wa 2, kwa waliotibiwa paja kwa vifaa vya paklitakseli. Januari 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari wawe na tahadhari. Hakuna aliyeweza kueleza dawa kidogo hivyo ingemuuaje mtu miaka baadaye, na wengi katika majaribio yale walikuwa wamepotea kwenye ufuatiliaji. Lakini kusema "haielezeki" hakutoshi mtu anapokufa, kwa hiyo watafiti walirudi kuhesabu.

Sweden ilikuwa na utafiti mkubwa unaoendelea, SWEDEPAD, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Desemba 2020 ulionyesha hakuna tofauti ya vifo. Wagonjwa waliopotea wakatafutwa, hesabu zikarudiwa, na Julai 2023 FDA ikasema takwimu haziungi mkono hatari hiyo. Matokeo ya mwisho ya Sweden yalipotoka mwaka 2025, kwa wenye maumivu ya kutembea tu vifo vya kufikia mwaka wa 5 vilikuwa zaidi upande wa dawa, ingawa kwa kipindi chote cha ufuatiliaji pande mbili hazikutofautiana waziwazi. Kwa hiyo daktari akikuambia "hakuna wasiwasi wowote", amerahisisha mno. Na anayekuambia "ni sumu" amekosea zaidi.

Basi vinasaidia kweli?

Vinasaidia mshipa ubaki wazi. Katika utafiti wa IN.PACT SFA, baada ya miezi 12 mishipa iliyo wazi ilikuwa asilimia 82 kwa puto lenye dawa na asilimia 52 kwa puto tupu. Maana yake ni kurudi mezani mara chache, na kwa mtu anayesafiri kutoka Kitui au Garissa na kulipa mwenyewe, hilo si dogo.

Lakini matokeo yale ya Sweden ya 2025 hayakuonyesha kwamba dawa ilipunguza miguu kukatwa kwa wenye vidonda, wala kwamba maisha ya wenye maumivu ya kutembea yalikuwa bora baada ya mwaka. Mimi nalichukua hivi: kama fedha ni chache na lazima uchague kati ya puto la gharama na kuzibuliwa haraka kwa puto la kawaida wakati kidonda bado kidogo, chagua haraka.

## Mkono

Ninasafishwa damu na fistula yangu imebana. Puto lenye dawa linafaa?

Hapa ndipo ninapoona faida iliyo wazi. Fistula ni vena iliyounganishwa na ateri mkononi ili damu ipite kwa nguvu ya kutosha mashine. Vena haikuumbwa kwa msukumo huo; ukuta wake huota kovu, mara nyingi karibu na kiungio. Kupanua kwa puto tupu kunafungua, kisha baada ya miezi michache unarudi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukiwa na watu 330 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, fistula zilizokuwa bado wazi zilikuwa asilimia 82 kwa puto lenye paklitakseli na asilimia 60 kwa puto la kawaida. Siri yake ni maandalizi: kovu la fistula ni gumu, na lazima livunjwe kwanza kwa puto la msukumo mkubwa hadi kile kiuno cha puto kinachoonekana kwenye picha, yaani palipobana, kiishe kabisa. Dawa ikipakwa juu ya palipofunguka nusu, ni hasara tu.

Shika fistula yako kila asubuhi kabla ya chai. Unapaswa kuhisi mtetemo laini, kama paka anavyokoroma. Ukiwa umepungua au umegeuka kuwa pigo gumu, au damu inachelewa kukata sindano zikitolewa, au mkono umevimba, sema siku hiyohiyo. Mtetemo ukipotea kabisa, nenda sasa hivi. Fistula iliyoganda inaweza kuokolewa ndani ya siku chache za mwanzo. Na mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu, hata na muuguzi mwenye haraka.

Na ateri ya mkono yenyewe ikisinyaa?

Kawaida ni ile iliyo chini ya mtulinga, mfupa unaotoka begani hadi kifuani, na mara nyingi ya kushoto. Dalili ni mkono kuchoka ukiinuliwa, au presha ya mikono miwili kutofautiana kwa zaidi ya 15. Mshipa huo ni mpana. Hutibiwa kwa stenti ya kawaida isiyo na dawa, na huchukua muda mrefu bila kuziba.

Mwanamke kijana mwenye shida hii apimwe ugonjwa wa Takayasu, ambao ni uvimbe wa ukuta wa ateri. Uvimbe hutulizwa kwanza kwa dawa. Ukipanua mshipa unaowaka, utaziba.

## Siku yenyewe, na baada yake

Nitalazwa? Inauma?

Wengi hulala usiku mmoja au hurudi nyumbani jioni. Unadungwa ganzi kwenye kinena, wakati mwingine mkononi, na mrija wa unene wa milimita 2 hivi unaingizwa. Uko macho. Puto likijazwa utasikia kubanwa, na hilo la dawa hushikiliwa dakika 2 hadi 3, kwa hiyo utaona dakika zinakwenda polepole. Sema ukiumia sana. Maumivu makali ni habari muhimu kwa daktari.

Ukiangalia kando utaona jinsi tunavyolishika puto lenye dawa: kwa uangalifu, bila kugusa sehemu iliyopakwa. Likishaingia kwenye damu dawa huanza kuoshwa, hivyo hupelekwa moja kwa moja. Ndiyo maana njia hupanuliwa kwanza kwa puto la kawaida.

Baadaye unalala chali saa 4 hadi 6 bila kukunja mguu. Hatari zenyewe ni damu kuvia kinenani, mshipa kuchanika, kipande cha uchafu kuteremka na kuziba chini, mzio, na figo kulemewa na dawa ya rangi.

Nina figo dhaifu, au ninakunywa metformini. Niseme?

Sema kabla ya siku. Utapimwa kreatinini (kipimo cha damu cha figo), utaongezewa maji, na metformini inaweza kusimamishwa kwa saa 48 kutegemea figo zako. Inawezekana pia kutumia gesi ya kaboni dioksidi badala ya dawa ya rangi kwa miguu, pale ilipo.

Vidonge vya kulainisha damu nitakunywa hadi lini?

Kwa kawaida aspirini na klopidogreli pamoja kwa mwezi 1 hadi 6, kisha kimoja maisha yote. Wengine hupewa aspirini na rivaroksabani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Usiache kwa sababu daktari wa meno kakuambia. Mwambie ampigie daktari wako.

Angalizo la duka la dawa la mtaani: ukienda na kiungulia utapewa omeprazoli bila swali, na omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Omba mbadala. Ukienda na maumivu ya mgongo utapewa diklofenaki au ibuprofeni, na hizo huongeza kutokwa damu na kuumiza figo. Beba orodha ya dawa zako kwenye simu.

Ninavuta sigara 3 tu kwa siku. Ni lazima niache zote?

Zote. Shisha pia. Kwa vijana wa kiume wenye ugonjwa wa Buerger, ambao huziba mishipa midogo ya mikono na miguu, kuacha tumbaku kabisa ndiyo tiba yenyewe. Puto na stenti haziwasaidii sana.

Nikimbilie hospitali lini?

Mguu ukiwa baridi ghafla, mweupe, unauma na vidole havisogei: una saa chache, kama 6. Chukua teksi usiku huohuo, usingoje kupambazuke. Vilevile kinena kikivimba kwa kasi au kikitoka damu: bonyeza kwa nguvu kwa kiganja, mtu mwingine apige simu.

## Nairobi: mahali, pesa na kifaa chenyewe

Niende wapi?

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo njia ya wengi kwa rufaa. Hospitali kadhaa za binafsi jijini, kama Aga Khan, Nairobi Hospital, Mater na Karen, zina chumba cha katheta. Ila chumba cha katheta kinaweza kuwa cha moyo tu. Uliza wazi: mnafanya miguu, na mnafanya chini ya goti? Nani hufanya, na mara ngapi?

SHA inalipa?

SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchango wako uwe umelipwa, na idhini itafutwe kabla ya siku. Kinachowaumiza watu ni hiki: "utaratibu" umekubaliwa, lakini kifaa chenyewe kinabaki kwako. Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha chumba, daktari, puto au stenti, na dawa ya rangi. Uliza pia bei ikiwa vitahitajika viwili, maana mshipa ulioziba kwa urefu mara nyingi unavihitaji.

Nitajuaje kwamba kweli niliwekewa chenye dawa?

Kila boksi huja na stika zenye jina, ukubwa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Stika moja hubandikwa kwenye faili. Omba picha yake kwa simu. Puto ni la kutumika mara moja. Likishapanuliwa, dawa imekwisha, na kulirudia ni kuuziwa puto tupu pamoja na hatari ya maambukizi.

## Hali za pembeni

Nina stenti. Naweza kufanya MRI, na je, milango ya ukaguzi ya uwanja wa ndege wa JKIA itapiga kelele?

MRI, ndiyo, kwa kuonyesha kadi ya stenti ili waweke mashine ipasavyo. Milangoni kwa kawaida hakuna kinachotokea.

Nina mzio wa nikeli. Hereni na bangili za bei rahisi hunitoa vipele.

Taja kabla. Puto haliachi chuma, na hilo linaweza kubadilisha uamuzi.

Nina mimba, au ninanyonyesha.

Vifaa vya paklitakseli havitumiki. Sema pia kama unapanga kupata mimba.

Stenti yangu imeziba tena. Inatolewa?

Haitolewi. Huzibuliwa kwa ndani, mara nyingi kwa puto lenye dawa, au daktari anaunganisha vena yako mwenyewe kupitisha damu pembeni. Usikae ukidhani nafasi yako imekwisha.

Mguu mmoja umeshakatwa. Huu wa pili una matumaini?

Una matumaini, na ndio unaobeba mwili wote sasa. Upimwe hata kama hauumi. Uangalie kila jioni, katikati ya vidole na chini ya wayo, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Usivae akala zinazokwaruza, na kwa wenye ganzi, kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Nimewahi kutoa kifuniko cha soda ndani ya kiatu cha mtu aliyekuwa amekitembelea tangu asubuhi. Ukija kliniki, vua soksi kabla hujaitwa. Mguu huo ndio nitakaoanza nao.